Dhahabu juu ya keki: mwili unapata nini?

Karatasi ya dhahabu inayobandikwa juu ya keki ya harusi, ile ya mraba wenye upande wa sentimita 8, ina uzito wa miligramu 12 hivi. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukipanga karatasi 700 moja juu ya nyingine, ndipo utakaribia unene wa unywele mmoja wa kichwani. Gramu moja ya dhahabu hutoa karatasi zipatazo 80, na ndiyo sababu kitu chenye jina kubwa hivyo kinaweza kukaa juu ya kipande cha keki bila mwenye shughuli kufilisika.

Mapambo haya hayakuanza kwetu. Mwaka 1981 mpishi Gualtiero Marchesi wa Milan alitandaza karatasi ya dhahabu juu ya wali wa zafarani, na chakula kile kikapata jina Italia nzima. Malindi, kwenye Waitaliano wengi tangu zamani, haishangazi kumkuta mtu anayejua habari zake. Kule Japani, mji wa Kanazawa ndio unaotengeneza karibu dhahabu yote ya karatasi ya nchi hiyo, na wageni hununuliana aiskrimu iliyofunikwa karatasi nzima. Huku Lamu tunaiona juu ya keki za harusi na juu ya chokoleti ambazo watu huletewa na jamaa walioko Ghuba.

Kupamba chakula si kosa. Kuna swali la dini, la israfu na la vyombo vya dhahabu tulivyokatazwa kulia na kunywea, lakini hilo ni la masheikh na mimi sina hukumu ya kutoa. Kinachonisumbua ni maneno yanayosafiri pamoja na pambo lenyewe, hasa kwenye simu: kwamba dhahabu ikiliwa hung'arisha ngozi, hurudisha ujana, huondoa maumivu ya viungo, hutuliza mawazo, na huongeza kinga. Wanaoyapokea maneno hayo si matajiri wa hotelini. Ni wazee wenye magoti yanayouma na wasichana wanaojiandaa kuwa bibi harusi, watu wanaoweza kutoa pesa ya dawa wakanunua kijichupa cha maji ya dhahabu.

Jibu fupi ni kwamba karatasi ya dhahabu haina faida yoyote ya kiafya inayojulikana. Jibu refu lina maana zaidi, kwa sababu ndani ya uvumi huu kuna mambo matatu au manne ya kweli yaliyochanganywa, na bila kuyatenganisha mtu hawezi kumjibu anayesema, "Mbona hospitali zilikuwa zinatumia?"

Tuanze na tumbo. Mwili unahitaji madini mengi, na kila moja lina kazi yake. Chuma hubeba hewa kwenye damu, madini joto huendesha tezi ya shingo, na zinki husaidia kidonda kupona. Lakini hakuna madini yanayoweza kufanya kazi kabla hayajayeyuka yakapenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Dhahabu inakwama katika hatua hiyo ya kwanza. Isitoshe, hata kama ingepenya, hakuna kiungo cha mwili kinachojulikana kuihitaji. Mtu mzima wa kilo 70 ana dhahabu ya kama miligramu 0.2 mwilini, iliyoingia kidogo kidogo kwa chakula, maji na vumbi, na haijaonekana kufanya kazi yoyote.

Anayetaka kuona kwa macho yake kwa nini haiyeyuki, aende kwa sonara pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, na pete asiyoiamini. Sonara ataisugua pete juu ya jiwe jeusi mpaka ibaki alama ya manjano, mstari mwembamba kama wa kalamu. Kisha atachovya kijiti cha kioo kwenye chupa ya tindikali na kudondosha tone juu ya mstari ule. Kama pete ni ya shaba iliyopakwa rangi, mstari utachemka, utageuka kijani, na kufumba na kufumbua umetoweka. Kama ni dhahabu safi, tindikali itakaa juu yake na mstari utabaki vile vile. Sonara atafuta kwa kitambaa na manjano itakuwa bado ipo.

Tindikali iliyo tumboni mwetu ni ya aina nyingine, ya haidrokloriki, lakini nayo haiiwezi dhahabu. Ili dhahabu iyeyuke, viwanda vya kusafishia huchanganya tindikali hizo mbili kali kwa pamoja, ndipo inapokubali. Mchanganyiko huo haupatikani katika tumbo la binadamu yeyote. Kwa hiyo karatasi iliyoliwa pamoja na keki usiku wa harusi hupita tumboni na utumbo wote, ikatoka na choo ikiwa dhahabu ile ile.

Ushahidi mwingine tunao majumbani. Wazee wetu wengi waliweka meno ya dhahabu. Jino hilo hukaa mdomoni miaka 40, likipitiwa na mate, chai ya moto, ndimu na pilipili, na mwenye nalo anazikwa nalo likiwa zima. Madaktari wa meno waliipenda dhahabu kwa sababu hiyo hiyo: haiudhi mwili na mwili hauiudhi. Kama kugusana na dhahabu mchana na usiku kungeponya viungo, wenye meno ya dhahabu wangekuwa ndio wakimbiaji wa mtaa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Usalama wa dhahabu halisi na kutokuwa na faida kwake vimetoka kwenye tabia moja. Haidhuru kwa sababu haishirikiani na mwili, na haisaidii kwa sababu hiyo hiyo. Anayekuuzia akisema haina madhara yoyote kwa kuwa haiyeyuki, kisha akaongeza kwamba inafika mpaka kwenye viungo na ngozi, amesema mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliipitia upya dhahabu ya chakula mwaka 2016, inayotambulika huko kwa namba E175. Ilieleza kwamba taarifa ni chache, lakini kwa kuwa dhahabu haiyeyuki inatarajiwa kuingia mwilini kwa kiasi kidogo sana. Ulaya inairuhusu kwenye peremende, chokoleti na baadhi ya vinywaji, na imewekwa kwenye fungu la rangi za chakula.

Sasa lile swali la hospitali. Bibi mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza hivi: "Mjukuu wangu, daktari aliwahi kuniambia wazungu walitibu viungo kwa dhahabu. Mimi nikila hii ya keki si ndiyo hiyo hiyo?" Lilikuwa swali zuri, kwa sababu daktari hakumdanganya.

Dhahabu kama dawa ina historia ndefu, na mwanzo wake haukuwa mzuri. Watu wa kale waliona dhahabu haiozi wala haishiki kutu, wakadhani anayeimeza naye hatachakaa. Ulaya ya karne ya 16 ilikuwa na matabibu walioyeyusha dhahabu kwa tindikali na kuiuza kama kinywaji cha kurefusha maisha. Diane de Poitiers, kipenzi cha Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa, alikuwa mmoja wa waliohusishwa na kinywaji hicho, na alisifiwa kwa ujana na weupe wa ngozi hata uzeeni. Alifariki mwaka 1566. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa waliochunguza mabaki yake walieleza kwamba nywele zake zilikuwa na dhahabu nyingi kupita kawaida, na wakaona huenda kinywaji kile ndicho kilichomdhoofisha. Weupe uliosifiwa unaweza kuwa ulikuwa upungufu wa damu. Tukumbuke kwamba yeye hakula karatasi. Alikunywa dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa, na iliyoyeyushwa huingia mwilini.

Mwaka 1890 Robert Koch, yule aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alieleza kwamba mchanganyiko mmoja wenye dhahabu ulizuia vijidudu hivyo kukua maabara. Baadaye wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa za dhahabu na hazikuwasaidia. Lakini daktari Mfaransa Jacques Forestier aliyefikiri kwamba baridi yabisi inafanana na kifua kikuu aliwadunga wagonjwa wake wa viungo chumvi za dhahabu, na mwaka 1929 akachapisha habari kwamba wamepata nafuu. Fikra yake ya mwanzo haikuwa sahihi, ila dawa ilifanya kazi. Jaribio kubwa la Uingereza lililotolewa ripoti mwaka 1960, lenye kundi la kulinganisha, lilithibitisha hivyo. Mwaka 1985 Marekani ikaidhinisha ya kumeza, auranofini.

Ndani ya dawa hizi, atomu za dhahabu zimefungamana na salfa na vitu vingine, zimepoteza elektroni, na zinayeyuka au zinafyonzwa. Kitu hicho hakimetameti. Ni unga au maji tu. Mfano ulio karibu ni chumvi ya jikoni. Ndani yake mna klorini, ambayo ikiwa peke yake ni gesi inayoua, lakini hakuna anayekufa kwa kutia chumvi kwenye mchuzi. Kitu kikifungamana na kingine, tabia hubadilika. Nilimwambia bibi, "Siyo hiyo, bibi. Ile ilikuwa dawa iliyotengenezwa kutokana na dhahabu, na hii ni dhahabu yenyewe."

Na dawa ile ilikuwa kali. Mgonjwa alidungwa msulini kila wiki, akasubiri miezi kabla ya kuona nafuu, na kila mara damu na mkojo vilipimwa kwa hofu. Wengine walipata vidonda mdomoni na upele wa kuwasha, wengine protini ikatoka kwenye mkojo kwa sababu figo zimeumia, na wachache chembe za damu zikapungua kwa hatari. Ya kumeza iliharisha. Waliotumia miaka mingi wengine waligeuka rangi ya kijivu-buluu sehemu za ngozi zinazopigwa na jua, na rangi ile haikuondoka, jambo ambalo kila anayeambiwa dhahabu inang'arisha ngozi angepaswa kulisikia. Dawa nyingine, hasa methotreksati, zilipothibitika kuwa bora, dhahabu ikaachwa pembeni.

Tena chumvi zile zilikuwa za baridi yabisi ya kweli, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe, vidole vinavimba asubuhi na kukakamaa pande zote mbili. Magoti ya mzee wa miaka 70 aliyebeba ndoo na kupanda ngazi za nyumba za mawe maisha yake yote mara nyingi yanauma kwa sababu gegedu linalokinga ncha za mifupa limelika. Kwa maumivu hayo hata sindano za Forestier hazikuwa dawa. Mwenye dalili za baridi yabisi awahi hospitali, kwa kuwa ikitibiwa mapema inaweza kuzuiwa kabla viungo havijapinda, na kila mwezi unaopotea kwa dhahabu ya kula ni mwezi wa kiungo kuharibika.

Wauzaji wa maji ya dhahabu wana hoja nyingine: kwamba yao ni chembe ndogo mno, si karatasi, kwa hiyo zinaingia. Ni kweli chembe za ukubwa wa nanomita, yaani sehemu ya milioni ya milimita, zina tabia tofauti na kipande kikubwa, na wanasayansi wanazichunguza kwa bidii. Lakini tazama ushahidi unaotajwa kwenye matangazo. Mara nyingi ni utafiti mdogo wa mwaka 1997 wa wagonjwa 10 wa baridi yabisi, na mwingine wa mwaka uliofuata wa watu 5 tu, ambao eti akili zao zilipimwa zikawa zimepanda. Kwa watu 10 bila kundi la kulinganisha huwezi kujua nani alipona kwa dawa, nani kwa kutumaini, na nani ugonjwa ulimpungukia wenyewe kama baridi yabisi inavyopanda na kushuka. Hakuna daktari anayeweza kumwandikia mtu dawa kwa msingi huo.

Upande wa India kuna dhahabu iliyochomwa na kusagwa kuwa unga, inayotumika katika tiba za jadi za huko, nyingine hata kwa watoto. Pwani yetu na India zimepokezana mizigo tangu majahazi, na dawa hizo hufika. Siwezi kuzihukumu zote kwa pamoja, ila jambo moja lazima lisemwe. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za jadi za Kihindi walizonunua kwenye maduka ya eneo la Boston. Dawa 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Hizo ni sumu zinazoharibu ubongo wa mtoto, na hazina ladha ya kumtahadharisha mama.

Kuna mahali dhahabu inatusaidia kweli, na wengi wetu tumeiona bila kuijua. Ukienda zahanati na homa, ukatobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kile kibao cheupe cha kipimo cha haraka cha malaria, mstari mwekundu unaotokea kwa kawaida ni dhahabu. Chembe za dhahabu za nanomita 20 hadi 40 hivi haziwi za manjano; zinaonekana nyekundu, jambo ambalo Michael Faraday alilichunguza London katika miaka ya 1850. Wanaotengeneza kipimo huzipaka chembe hizo kingamwili zinazoshika protini ya kijidudu cha malaria. Damu ikitambaa kwenye utepe, chembe zenye protini zinanaswa pamoja kwenye mstari, zinakusanyika mamilioni, na muuguzi anaona wekundu. Vipimo vingi vya mimba vinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Dhahabu imechaguliwa hapo kwa sababu haiharibiki ndani ya boksi na rangi yake haififii. Mgonjwa haimezi, na bado imeokoa watoto wengi kuliko kinywaji chochote cha matabibu wa kale.

Nimeiacha hatari kubwa mwisho ili isipotee katikati ya maelezo mengine. Hatari hiyo ni kitu kinachofanana na dhahabu. Kuna karatasi za shaba iliyochanganywa na zinki zinazouzwa kwa ajili ya fremu za picha, samani na michoro, na mafundi wa kuchonga wanazifahamu. Kuna pia unga wa kumetameta wa mapambo. Kwa macho huwezi kuvitofautisha na dhahabu ya kula, na bei yake ni ndogo mno. Kumbuka ule mstari wa kijani kwenye jiwe la sonara: shaba haistahimili tindikali kama dhahabu, tumboni inaweza kuyeyuka kiasi, na anayeila kwa wingi hupata ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu, kutapika na kuhara.

Haya yametokea. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita waliugua baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mwaka mmoja, iliyofunikwa unga wa rangi ya dhahabu yenye wekundu. Wachunguzi walikuta unga ule ni shaba laini. Mwaka uliofuata huko Missouri mtoto mwingine wa mwaka mmoja alikutwa na risasi kwenye damu, na unga uliopamba keki yake ulikuwa na risasi kama robo ya uzito wake. Waliopamba keki zile hawakuwa na nia mbaya. Walinunua kitu kinachouzwa kwa ajili ya mapambo wakadhani kila pambo la keki linaliwa.

Kwa hiyo mama anayepika keki za biashara Lamu au Malindi asome pakiti kabla ya kulipa. Dhahabu ya kula halisi huandikwa kuwa ni ya kuliwa, "edible" kwa Kiingereza, ikatajwa karati zake, kwa kawaida 22 hadi 24, na kilichomo, na namba ya toleo la kiwandani. Maneno "non-toxic" hayatoshi, kwa kuwa maana yake ni kwamba mtu akigusa au kulamba kidogo hadhuriki. Hayasemi kwamba ni chakula. Pakiti isiyo na orodha ya kilichomo irudishwe dukani. Na kama karatasi 100 zinauzwa kwa bei ya kilo moja ya sukari, hiyo si dhahabu, hata kama pakiti inasema hivyo.

Vumbi la dhahabu la kwa sonara nalo lisiingie jikoni kabisa. Dhahabu ya mapambo imechanganywa na shaba na fedha ili iwe ngumu, risasi za kuungia nyingine zina kadimiamu, madini yenye sumu, na dhahabu mbichi ya wachimbaji wadogo mara nyingi imepita kwenye zebaki.

Mtoto akitapika baada ya kula keki iliyopambwa hivyo, asitapishwe zaidi kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Anyweshwe maji kidogo kidogo apelekwe hospitali, pamoja na pakiti ya pambo au kipande cha keki kilichobaki, ili daktari ajue anatafuta nini. Na kama unga ule haujulikani ulikotoka, aombewe kipimo cha risasi kwenye damu hata kama kutapika kumekoma, kwa kuwa risasi inaweza kukaa mwilini mwa mtoto bila dalili yoyote ya nje.